Isale la Don Mills

Kijiji chetu kina zahanati moja, kanisa moja, bomba linalotoa maji likijisikia, na kundi la simu ambalo halijakauka hata siku moja. Mimi naishi Etobicoke, huku Toronto, ghorofa ya kumi na moja. Jirani yangu wa mlango wa kushoto simjui hata jina. Tukikutana kwenye lifti tunakodolea macho namba za ghorofa utadhani zinasoma taarifa ya habari. Lakini ng'ombe akivunjika mguu kule kwetu Uchagani, mimi napata habari kabla mwenye ng'ombe hajamaliza kupiga kelele.

Habari hizi huwa nazisoma saa sita mchana, kwenye chumba cha kulia cha ofisi moja huko Don Mills ambako nakaa mapokezi. Saa hizo kule nyumbani ni jioni. Watu wametoka shambani, wameoga, na wako tayari kusemana. Balozi wetu wa nyumba kumi alinunuliwa simu na watoto wake ili apunguze kuzurura kwenye nyumba za watu, na sasa anazurura kwenye nyumba zote kwa pamoja. Huandika kwa herufi kubwa tupu. "MIGOMBA YA CHINI IMELIWA NA MBUZI. MWENYE MBUZI ANAJIJUA." Na kweli anajijua, maana hapo hapo anajibu kuwa mbuzi wake wiki hii yote amefungwa kamba. Kisha zinamiminika jumbe arobaini za kumtetea mbuzi. Mawakili wake wengi wako Dar es Salaam, mmoja yuko huku Richmond Hill, na mbuzi mwenyewe hawajawahi kumwona.

Jumapili ilikuwa siku ya kusimulia kumbukumbu kundini, na hapo mtawala alikuwa mama yangu mdogo. Yeye ni mdogo wake marehemu mama yangu. Tangu mama atutoke, ndiye mtu pekee aliyebaki duniani anayeweza kunikemea nikanyamaza. Kuandika hakutaka kusikia. Alituma sauti, tena ndefu, unaweza kubandika maharage anapoanza ukayaepua anapomaliza. Na watu wote tulisikiliza, hata wale wanaodai hawana muda wa kuwapigia wazazi wao.

Jumapili moja alisimulia habari ya mto kujaa. Nilikuwa na miaka sita, nimeshikwa na malaria, daraja la magogo limechukuliwa na maji, na zahanati iko ng'ambo. Mama akanifunga mgongoni kwa khanga, akaingia mtoni maji yakimfika kiunoni, akavuka. Mama mdogo alisimulia vizuri mpaka nikasikia mvua. Kundi likajaa mioyo myekundu. "Nani kama mama," aliandika mmoja ambaye najua fika mama yake anachota maji mwenyewe kwa ndoo.

Sasa mimi nina ugonjwa nilioupata Toronto. Siyo mafua, ni kusahihisha watu. Ofisini kwetu mtu akikosea kwenye mkutano, unaanza kumshukuru kwa mchango wake mzuri, halafu unambomoa, halafu mnakwenda kunywa kahawa pamoja. Nimefanya hivyo miaka mingi na nimesifiwa. Basi nikaandika: "Asante sana mama mdogo kwa kumbukumbu hii nzuri. Kwa usahihi tu, mwaka ule mama hakuwepo kijijini, alikuwa Arusha. Nadhani umri umeanza kukuchezea." Nikamalizia na kile kikatuni kinachocheka mpaka machozi, nisije nikaonekana mkali.

Kwa usahihi tu! Kana kwamba kuna mtu aliyeuagiza.

Ukatokea ule mstari mdogo wa kijivu unaosema mama mdogo ametoka kwenye kundi. Halafu kijiji kikaamka. "Ni kweli, mwaka ule alikuwa Arusha." "Hivi Arusha alikuwa kwa nani?" "Mbona tuliambiwa alikwenda kujifunza ushonaji?" "Ushonaji mwaka mzima?" Watu ambao hawakumbuki walipoacha jembe jana walikumbuka mwezi, siku ya soko, na rangi ya gauni alilopanda nalo basi.

Niliposoma hayo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Mama aliondoka nikiwa mdogo, akakaa mwaka mzima, akarudi na cherehani bila maelezo. Waliosema amemkimbia mume walisema, kisha wakachoka. Nilikua nikijua kwamba mwaka ule haupigiwi hodi, na hakuna aliyenifundisha. Leo nimeuvunjia mlango mwenyewe, mbele ya kijiji kizima, na mwenye mwaka yuko kaburini hawezi kujitetea. Mdomo huponza kichwa, lakini wangu ulikuwa umeponza kichwa cha marehemu. Niliona aibu.

Nilimpigia mama mdogo siku hiyo, na kesho yake, na wiki nzima. Simu iliita mpaka ikachoka. Huyu ndiye mtu ambaye kila Machi huuliza kama theluji imeondoka, na nikimwambia bado, ananilaumu mimi. Wiki tatu zikapita. Nilianza kuhesabu watu waliobaki wa kuniita mwanangu, na hesabu haikuwa ndefu: alikuwa yeye, basi. Akinikata, kule kwetu nitabaki kuwa namba ya simu inayoanza na alama ya kujumlisha.

Nikamwandikia balozi faragha, nikimwomba aniombee msamaha. Alijibu kwa sauti yake ya kawaida: "BINTI, DAWA UNAIJUA. ISALE."

Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani unaopandwa kwenye mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na kihamba cha jirani. Ukimkosea mtu, unachuma jani lake, unampelekea, na mpelekewa hana ruhusa ya kukataa. Anaweza kununa, anaweza kukutukana kidogo, lakini msamaha atautoa. Wenzetu wana mahakama, sisi tuna jani, na jani halina kuahirishwa kesi.

Isale Toronto? Nilifikiri hivyo kwa siku mbili, hadi nilipoinua macho pale mapokezi. Lilikuwa limesimama mbele yangu, kwenye chungu cheupe, kati ya lifti na choo. Nimelipita miaka minne nikidhani ni pambo. Nikachukua mkasi wa mezani, nikakata jani moja, nikalifuta vumbi. Mama anayekuja kumwagilia mimea ya ofisi akaniona, akauliza kwa wasiwasi kama mmea unaumwa. Nikamwambia mmea ni mzima, mwenye tatizo ni mimi. Akaenda zake haraka.

Nilipiga picha nikiwa nimeshika jani, nikaituma kwa balozi.

"HILI NI ISALE LA WAPI?"

"La Don Mills, mzee."

"LINAPAKANA NA NANI?"

Sikutaka kuongeza uongo juu ya dhambi. Nikajibu kwamba linapakana na lifti.

Kisha akatoa hukumu: isale halipigwi picha, linashikwa. Atachuma jani yeye mwenyewe kwenye kihamba cha mama, alipeleke kama mshenga wangu, na mimi nitakuwa kwenye simu ya video nimepiga magoti. Nikauliza kama magoti ni lazima, maana nina tatizo la goti la kushoto. Akasema la kulia linatosha kwa kuanzia.

Jumamosi asubuhi niliegemeza simu kwenye kopo la sukari, nikapiga magoti kwenye sakafu ya jikoni, jani langu la Don Mills mkononi kwa kuongeza uzito. Kule kwetu ilikuwa alasiri. Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda anapukuchua maharage, hatazami simu wala mtu. Balozi akaanza mbali, kama inavyopasa: mvua, bei ya kahawa, afya ya ng'ombe, kifo cha mtu ambaye wote watatu tulimzika miaka iliyopita. Katikati mtandao ukakatika. Waliniambia baadaye kwamba niliganda kwenye kioo nimeinamisha kichwa, na mama mdogo akasema, "Leo angalau amenyamaza."

Niliporudi hewani, jani lilikuwa mapajani mwake.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Inuka, sakafu za huko ni za baridi. Ukilemaa nani atakuuguza?"

Nikainuka huku nimeshika jiko. Akamtuma balozi akamwangalie mbuzi nyuma ya nyumba, na balozi akaenda kwa shingo upande, maana alijua mbuzi hana shida yoyote. Kisha mama mdogo akaisogeza simu karibu mno, nikawa naona paji la uso na jicho moja.

"Ulidhani sijui mama yako alikuwa Arusha?"

"Ulijua. Nilikosa adabu. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe, jani si nimelipokea? Sasa nisikilize. Mto niliuvuka mimi. Nilikuwa sijamaliza hata darasa la saba. Maji yalinifika hapa." Alionyesha, lakini mimi niliona paji la uso tu. "Ukanitapikia shingoni njia nzima."

Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kusema.

"Niseme ili iweje? Mama yako aliporudi aliuliza ulipougua ulibebwa na nani. Nilipomwambia alilia siku mbili, hali, hanywi. Nikamwambia, dada, basi, nakupa. Kuanzia leo ni wewe ulimvusha. Nimesimulia hivyo mbele yake mpaka akaanza kuinua kichwa akipita sokoni." Akafumba jicho, akalifumbua. "Kitu nilichompa akiwa hai, nimnyang'anye kwa kuwa amekufa?"

Nililia pale jikoni, na yeye akaniacha nilie, kisha akasema maharage hayajipukuchui, akakata simu.

Jumapili iliyofuata balozi alimrudisha kundini. "MAMA AMERUDI. WATU WA ARUSHA WAPUMZIKE." Mama mdogo hakusalimia mtu. Akatuma sauti, akausimulia mto upya kuanzia mawingu. Safari hii maji yalimfika mama kifuani, na gogo moja lilipita karibu na kichwa changu. Alipomaliza, mmoja wa hao watu wa Arusha akaandika: "Lakini si mwanawe mwenyewe alisema mama yake hakuwepo?"

Watu wote walikuwa wananisubiri mimi, na najua hata balozi alikuwa amevaa miwani. Nikaandika: "Nilikuwa na homa, nikachanganya miaka. Mama ndiye aliyenivusha. Nakumbuka mgongo wake."