Kahawa Isiyokwisha ya Matrah

Usiniambie niliota. Kahawa ile ilinichoma ulimi, na mtu hachomwi ulimi na ndoto.

Mimi ni fundi umeme wa magari kwenye gereji za Wadi Kabir, hapa Maskati. Sikukuu ya Idi gereji ilifungwa, wenzangu wa chumbani wakatawanyika kwa jamaa zao. Mimi jamaa sina. Mama, wa mwisho, nilimzika Tanga. Basi mchana nikaenda Matrah, nikawa napita vichochoro vya nyuma ya soko, nikisikia watu wanacheka majumbani mwao. Upweke ulinikaba, nisikufiche.

Mlango mmoja ulikuwa wazi. Bibi kizee akaniita kwa Kiswahili cha Unguja.

"Pita, mwanangu. Mtu hapiti mlangoni kwangu Idi asinywe kahawa."

"Shikamoo, bibi." Nikaingia. Ungekuwa wewe usingeingia?

Akanipa halua, akashika dele la kahawa akanimiminia. Kila nikimaliza anamimina tena, nami naona haya kukataa. Akaniuliza habari za kwetu, za kazi, hata za mgongo unaoniuma, ambao sikumtajia. Nani mwingine Maskati aliwahi kuniuliza? Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga.

Kisha nikaona kwamba yeye hanywi, dele halijazwi, na jua la dirishani halijasogea hata kidogo. Mkono ukanitetemeka, na kikombe nacho. Papo hapo akaacha kumimina.

"Haya, nenda," akasema kwa unyonge. "Nlidhani we utakaa."

Nilipofika chumbani wenzangu walikuwa wamesharudi kazini. Nilikuwa nimekaa kule siku tatu. Hakuna aliyeuliza nilikuwa wapi. Simu niliyoisahau kwenye chaji haikuwa na hata mtu mmoja aliyenitafuta.

Mteja mmoja Mwomani ndiye aliyenieleza kwamba huku mgeni akitosheka hutikisa kikombe. Asipotikisa, mwenyeji huendelea kumimina. Tukaenda naye kuutazama ule mlango. Una kufuli lililoshika kutu, na jirani anasema hapakaliwi tangu yeye mtoto.

Watu wa mji huu ni wakarimu, wallahi. Lakini siku hizi wakinimiminia natikisa kabla sijaonja, nao wanaona nimewadharau. Basi kama una ndugu aliye ugenini, mpigie simu Idi ikifika, usingoje. Yule bibi simwogopi. Naogopa Idi ijayo, maana njia ya kwake naijua, nami namkumbuka sana.