Kaburi Si Tuta

Usiniambie ilikuwa hadithi tu. Kila nikianza kusimulia haya, hakosekani mtu wa kuniambia, "Ndugu yangu, mwalimu alikuwa anafundisha watu kusoma, wewe ukaingiza hasira zako." Sawa, ninazo hasira. Sikiliza kwanza, halafu unionyeshe nilikosea wapi.

Wakati huo tulikuwa tumeshahamishiwa kijiji cha ujamaa, huku juu Ufipa, upande wa kwenda Mwazye. Kule tulikotoka kukawa mahame: nyumba zimebomolewa, makaburi yamebaki. Baba yangu kazikwa kule. Katika uhamisho wote ule mama aliomba kitu kimoja tu, kwamba kila Novemba, Siku ya Marehemu Wote, aachwe aende akapige magoti kwa mume wake. Hakuomba bati wala nini.

Jioni tulikuwa na darasa la watu wazima kwenye ghala la kijiji. Mimi shule sikumaliza. Kusoma nilijifunza mwenyewe, kwa magazeti yaliyofungiwa sukari kutoka Sumbawanga, kwa hiyo pale nilikwenda kumsindikiza mama na kubishana. Mwalimu alikuwa kijana wa Mbeya, shati limepigwa pasi, Kiswahili kimenyooka. Siku hiyo akatusomea hadithi ya zamani, akasema inajulikana dunia nzima. Kuna mjane, kila jioni anamtengea marehemu mume wake bakuli la chakula, na watoto wanalala hawajashiba. Asubuhi bakuli tupu. Imekwisha.

"Fundisho ni nini?" mwalimu akauliza, akajijibu mwenyewe. "Mfu akipewa nafasi, walio hai wanalala njaa. Ndio ninyi hapa. Mwili uko kijijini, roho iko mahame."

Mama anaangalia viganja vyake. Mimi nikasimama.

"Mwalimu, lile bakuli nani alilimaliza?"

"Panya. Paka. Hadithi haisemi."

"Haisemi kwa sababu kila mwenye mama anajua. Alikula mtoto mdogo wa yule mjane, na mama yake alimsikia akanyamaza. Baba mtu kafa na bado anamlisha mwanawe. Wewe hiyo hujaiona?"

Bibi mmoja kule nyuma akasema, "Au labda panya wa Mbeya wana adabu. Wa kwetu wangevunja na bakuli."

Ghala zima likacheka. Mwalimu hakucheka. "Kaa chini, ndugu. Mfu ni udongo, na udongo ni wa kulimwa."

Maneno hayo alisema yeye, si mimi. Nikakaa.

Mvua zilipoanza, kijiji kikaamua shamba la pamoja lilimwe kulekule mahame, kwa kuwa ardhi ilikuwa imepumzika. Sasa kama hujui kilimo cha kwetu: majani tunayalima na kuyafukia kwenye matuta ya duara, makubwa, tunayaita intumba. Yanaoza humo ndani. Mvua za mwaka unaofuata tunayapasua, tunatawanya ule udongo, tunamwaga ulezi. Mgeni akikuta intumba iliyoota majani, na pembeni kaburi ambalo msalaba wake umeliwa na mchwa, kwake ni kitu kilekile.

Mwalimu alitangulia asubuhi na wanafunzi wa shule, wengi wao watoto wa vijiji vingine. Wakakuta matuta. Wakafurahi, kazi imeshafanywa nusu. Wakapasua.

Sisi tulifika jua limepanda. Mwalimu akamwona mama, akainama vizuri kabisa. "Shikamoo mama. Leo tumewawahi."

Mama hakuitikia marahaba. Maisha yangu yote sijawahi kumsikia akiacha salamu ya mtu ikianguka chini. "Baba," akamwambia, taratibu, "matuta yaliyokuwa hapa yako wapi?"

"Tumeyatawanya, mama. Udongo mweusi, mzuri sana."

Nikatupa jembe, nikamfuata. Wanaume wakanishika mikono.

"Mngesema mapema kwamba kuna makaburi," mwalimu akasema, na uso ulikuwa umeshambadilika.

"Uliniambia nikae chini."

Watu wanamtetea mpaka leo. Hakujua, wanasema. Ndiyo, hakujua, kwa sababu hakuuliza! Angemuuliza bibi yeyote pale, angemwonyesha kwa kidole: tuta ni duara, kaburi lina kichwa na miguu. Alikuja nyumbani kusema pole, na mama akamvutia kiti. Mimi nisingempa hata gogo.

Ulezi ule ulistawi. Watu wakausifu mbele yetu.

Novemba iliyofuata nilimsindikiza mama. Shamba lote limesawazishwa, mabua makavu mpaka kwenye kijito. Akapiga magoti mahali, akaanza Baba Yetu, akaishia katikati. Akasimama, akasogea, akapiga tena.

"Ni hapa, mwanangu, au kule kwenye mwinuko?"

Sikujua. Mimi niliyebeba jeneza, sikujua. Nikamwambia, "Ni hapo hapo, mama," akaniangalia, akajua nadanganya, akainuka tena, mkono kiunoni, anatafuta.

Ataniuliza tena mwaka huu. Haya, niambie wewe: mama yangu apige magoti wapi?