Mke Mwenza wa Jumamosi

Jumamosi mchana mimi na mke wangu tulikuwa tunakula mgahawani hapa Kilindoni, kisiwani Mafia, wakaingia mume na mke waliofika na ndege ya asubuhi kutoka Dar. Mume alibeba begi refu la fimbo za gofu, akaliegemeza ukutani taratibu kama analaza mtoto. Chakula kilipoletwa, pweza wa nazi na wali, akamwuliza mhudumu, "Dada, uwanja wa gofu uko wapi?"

"Gofu?" Mhudumu akafikiri. "Mafia hatuna, baba. Labda wa mpira wa miguu."

Mume akamgeukia mkewe. "Ulijua?"

"Nilijua. Ndiyo maana nikachagua huku."

"Sasa mbona umeniacha nibebe mzigo wote huu?"

Mkewe akaweka kijiko chini. "Nilitaka nimwone huyu mke mwenza wangu naye akikaa bure siku mbili. Kila Jumamosi ukishaswali alfajiri tu, huyo kwake, unarudi magharibi unanuka majani. Mke mwenza angekuwa mtu, tungeshagawana siku kwa haki."

Mume akahamisha kiti chake, akakaa ubavuni mwa mkewe, wakala sahani moja.

Msomaji, mimi niliona kichekesho. Nikamwinamia mke wangu nikamnong'oneza, "Wivu mpaka kwa fimbo!"

Hakucheka. Aliichukua simu yangu iliyokuwa mezani, akaigeuza kifudifudi.

"Bora mke mwenza wake analala stoo," akasema. "Wangu unamlaza chini ya mto wako."