Dola Mia Nilizoongeza kwenye Fomu ya Mama

Aibu hii naisimulia mwenyewe, kwa sababu darasa zima lilinisikia, na hadi leo wengine hukohoa kwanza ndipo wanisalimie.

Ilikuwa wakati wa lokidauni, hapa Blacktown, kitongoji cha Sydney. Mama anafanya kazi nyumba ya wazee, zamu zake zikapunguzwa hadi mbili kwa wiki, kodi ikatushinda, na wakala wa nyumba akatupa hadi Ijumaa: tulete jibu la msaada wa serikali kwa wapangaji, au tuanze kufunga mizigo. Fomu nikajaza mimi, maana nyumbani kwetu mtoto wa miaka kumi na sita ndiye idara ya Kiingereza. Kodi yetu ni dola mia nne kwa wiki. Nikaandika mia tano. Kodi kubwa, huruma kubwa, msaada mkubwa (msicheke, hisabati napata vizuri, kilichokosekana ni akili tu).

Jumatano asubuhi niko kwenye darasa la mtandaoni, simu ya mama ikalia. Mwenyewe amelala, katoka zamu ya usiku. Nikakohoa kidogo, nikapokea kwa sauti yake, ile nzito ya kanisani, nikaweka spika, na ili wenzangu wafaidi nikawasha na maikrofoni ya darasa. Ofisa wa ule msaada akasema yuko na mkalimani wa Kiswahili kwenye laini. Nikajisemea, sinema imenoga.

Mkalimani, sauti ya mwanamke, akatafsiri: "Ofisa anasema msaada huu una kikomo cha kodi. Nyumba ya dola mia tano imepita kikomo, hivyo ombi lako limekataliwa."

Limekataliwa! Nikamgeukia mdogo wangu Pati, nikanong'ona, "Mungu wangu, ni ile mia niliyoongeza, mama ataniua!"

Kumbe kazi ya mkalimani ni kutafsiri kila anachosikia. Akatafsiri chote, kwa Kiingereza safi, pamoja na Mungu wangu. Mwalimu mdomo wazi.

Halafu mkalimani akasema jambo kwa Kiingereza, akanigeuzia Kiswahili: "Nimemwambia ofisa kwamba ninayeongea naye namfahamu. Solange, mimi ndiye ninayekufundisha kwaya. Mwamshe mama yako."

Mama Riziki! Sydney yote hii, wakalimani wote hao, nikapewa Mama Riziki!

Mama akaja kilemba kimeenda upande, akatoa mkataba kwenye droo, akasoma kodi tarakimu moja moja kwa Kiingereza chake cha kukatakata, na ofisa akamwelewa bila msaada wa mtu. Mia nne ilikuwa ndani ya kikomo kabisa! Ila ombi lililokataliwa halirekebishwi, linaanzwa upya, na majibu ni wiki mbili. Ijumaa ni keshokutwa.

Mama hakunipiga, hakupaza sauti. Alimpigia wakala, na nikamsikia akibembeleza, mama yangu, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akimwomba yeyote isipokuwa Mungu. Akapewa hizo wiki mbili. Akaweka simu mezani, akaniuliza:

"Solange, uliona shida yetu ya kweli haitoshi?"

Nikafungua fomu mpya, nikaandika mia nne. Siku hizi namba ananitajia yeye, mimi nabonyeza tu, na situmi kitu kabla hajakagua, hata fomu ya maktaba.