Nilivyozikaza ski za padri mpaka zikagoma kukata kona

Wakuu, habari za huko mliko. Huku Mbinga baridi inauma, kahawa tumeianika, na mimi nina jambo la kweli limenikuta. Picha sina, mtaniamini kwa mdomo tu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Kazi yangu kubwa ni keria za bodaboda zinazoshusha kahawa milimani. Kwa milima hii, keria ikiwa laini utaiokota njiani. Ndiyo maana huku fundi mzuri ni yule anayeongeza chuma.

Sasa, tulikuwa na padri mzungu, amezeekea kwetu. Magoti yamekwisha, wakubwa wake wakaamua arudi kwao akapumzike.

Akaniita. Nikamsalimu, "Tumsifu Yesu Kristo, Baba." Akaitikia, akanionyesha ski, yale mabao mawili marefu ya kutelezea kwenye theluji. Aliachiwa na baba yake. Pleti zake, zinazokaa kati ya bao na kiatu, zilikuwa zimepasuka.

"Nataka nizione zikishuka mara moja kabla sijaondoka, mwanangu."

"Theluji tutaitoa wapi, Baba?"

Akanyoosha fimbo kwenye msitu wa paini juu ya parokia. Aliyewahi kuokota kuni kule anajua vile vijani vikavu vinavyoteleza.

Nikatengeneza pleti za chuma kinene, nikazikaza bolti mbele na nyuma. Nikavaa viatu vyake vya kutelezea, maana miguu yetu ni saizi moja, nikashuka.

Wakuu, kona hakuna! Zilikwenda moja kwa moja mpaka nikaangukia kwenye ngolo za mama mmoja, yale mashimo tunayolimia huku mteremkoni.

Padri akasema tu, "Pole, mwanangu," akainamisha kichwa. Iliniuma kuliko goti nililochubua.

Nyumbani nikaweka bao juu ya matofali mawili, nikalikanyaga katikati. Halikupinda. Nikatoa pleti, nikakanyaga tena, likapinda vizuri kabisa.

Kumbe bao linakata kona kwa kupinda, na mimi nimelifunga huku na huku! Na pleti huwezi kuiacha, ndiyo inayoinua mguu upate nguvu ya kulilaza bao ubavu.

Bolti za mbele nikaziacha. Za nyuma nikazirefushia matundu, zishike bila kubana, ili bao likipinda pleti isogee.

Siku ya safari yake, mizigo inapakiwa garini, nikapanda tena msituni. Nikakata kushoto, nikakata kulia, nikasimama mbele ya kiti alichowekewa padri chini ya mteremko.

Machozi yanamtoka. Dereva akapiga honi.

"Rudia," padri akaniambia.

Nikapanda. Dereva naye akazima gari, akashuka kutazama. Waliondoka wamechelewa.

Nilichojifunza: kuna vitu ukivikaza sana unaviua. Mafundi, na nyie msio mafundi, nani yamemkuta ya namna hii? Mwageni hapa chini, nasoma zote.