Siku Niliyotafsiri Katuni ya Viatu

Mnisamehe mwandiko, ndugu zangu, maana niliishia darasa la sita na mkono wangu unatembea polepole kama kinyonga, kwa hiyo mkikuta herufi imekosekana iwekeni wenyewe. Aibu yenyewe ni kubwa kuliko makosa ya kalamu. Hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, kuna watu hawajui jina langu, wananiita Mutafsiri, na kabla ya kuniita wanacheka kwanza.

Ilikuwa hivi. Katika nyumba ya video ya Papa Ramazani (kuta za matete, paa la turubai, jenereta nje inanguruma kama ng'ombe mgonjwa) waliwahi kutuonyesha katuni moja ya Wajapani iliyotiwa maneno ya Kifaransa, na mtafsiri akisimama mbele kutueleza. Si katuni ya kuchekesha watoto. Kuna dada anaitwa Emiko, kaka yake ametoweka, na kila mvua inaponyesha anasikia viatu vya kaka vikitembea ndani ya nyumba, akifungua mlango hakuna mtu, viatu viko pale, vimelowa. Basi anaanza kuogopa kichwa chake mwenyewe: je, kaka amekufa, au yeye ndiye amemficha, au alimtendea ubaya akasahau? Na katika mji wao watu wanatoweka, jirani akiulizwa anasema hakuona kitu. Sisi hapa hatukuhitaji kuelezwa hilo.

Kaseti zilikuwa tatu. Mbili za kwanza niliziona mara nyingi na rafiki yangu Wilondja, hata tukawa tunabishana njia nzima kwenda kuteka maji.

"Kaka iko muzima," Wilondja alikuwa anasema. "Dada anamuficha."

"Kama iko muzima, anakulaga nini?"

"We hukuona ile sahani? Una macho ya samaki!"

Kaseti ya tatu ilikuwa haijafika. Kisha asubuhi moja risasi zikalia, sisi tukakimbilia milimani, Wilondja na watu wa kwao wakaingia mtumbwi kuelekea Kigoma, na niliporudi nikakuta mlango wao wazi na kuku mmoja ndani, nikateremka mpaka ziwani, mtumbwi umekwenda. Hatukuagana. Sikujua kama walifika ng'ambo. Mimi ni mtu wa aibu, sina marafiki wengi, na kubishana mwenyewe kunachosha.

Sasa, miezi ikapita, vita vikatulia kidogo, kaseti ya tatu ikaja. Kuionyesha ni mchana tu, kwa sababu ya askari, na kesho yake ingepelekwa kule Nundu kwa baiskeli isirudi tena. Nyumba ikajaa. Papa Ramazani akasimama mbele akijipangusa jasho.

"Batu ba Mungu, mutafsiri wetu alienda kuzika Uvira. Nani hapa anasikia Kifaransa? Kama hakuna, mi nazima mashine."

Mimi, ambaye kanisani nikiombwa kusoma mstari mmoja natokea mlango wa nyuma, nilisikia mkono wangu ukienda juu. Nilitaka kujua mwisho, basi. Kifaransa nilichokuwa nacho ni cha kusalimia mwalimu na kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

"Papa, mi nasikiaga kidogo tu."

"Kidogo inatosha. Ongea na nguvu, si kama muntu anaungama zambi."

Mwanzo ulikwenda vizuri, maana nilikuwa naeleza ninachokiona: anafungua, anafunga, mvua. Halafu polisi akamwambia Emiko maneno marefu sana, nikasema, "Anasema ndiyo." Mama Riziki, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alikuwa ameketi mbele na beseni lake magotini.

"Maneno yote ile ni ndiyo tu?"

Watu wakacheka. Kwa aibu nikaongeza maneno, na nilipoanza sikuweza kuacha.

"We mutoto, mwanamuke amefunga kinywa, na we unaendelea kusema!" Mama Riziki akapiga kelele tena.

Ikafika pale Emiko amesimama mlangoni, viatu viko chini mbele yake, anaongea polepole na sauti yake inatetemeka, na mimi sikuelewa hata neno moja lakini sauti ile niliijua. Nikasema: "Anasema, ulienda bila kuniaga. Anasema, nilifika mpaka kwenye maji nikakuta mtumbwi umekwenda."

"Mtumbwi?" mtu akauliza nyuma. "Ziwa iko wapi mule?"

"Anasema, kama uko ng'ambo nitumie hata neno moja. Anasema, Wilondja, rudi."

Nyumba ikapasuka kwa kicheko.

"Wilondja ni Mujapani?"

"Ee, na viatu alipataga wapi, ye anatembeaga miguu tupu!"

Nilikuwa nalia mbele ya watu mia, uso umeangaziwa na televisheni. Nikakimbia, nikakanyaga beseni la Mama Riziki, ndagala zikamwagika, nikajificha nyuma ya jenereta mpaka watu walipotoka. Mwisho wa katuni ukapita nikiwa nasikia mngurumo tu. Baadaye niliuliza. Papa Ramazani alisema Emiko alivaa vile viatu mwenyewe akatembea mvuani. Mama Riziki akaapa mlango ulifunguka, kaka akaingia. Mwingine aliona mvua tu.

Wiki haikuisha, risasi tena. Tukashika njia ya Kilembwe, na Mama Riziki alikuwa mbele yangu na mzigo kichwani. Nilijificha nyuma ya watu, naye akaniona.

"Mutafsiri, kuja hapa."

"Mama, unisamehe ndagala zako."

"Acha ndagala. Sema tena ile maneno ya ng'ambo." Mume wake pia alivuka ziwa, na habari zake hazijafika. Nikayasema yote, kwa sauti ndogo, na safari hii hakuna aliyecheka.

Nimeapa sitafsiri tena kitu nisichokielewa, hata salamu. Lakini katuni ile haijaniacha, mvua ikianza nasikiliza mlangoni kama mjinga. Basi ninyi mnaosoma, kama mliona mwisho wake, niandikieni mliona nini. Na kama anayesoma ni Wilondja, wewe usiniandikie mwisho. Niandikie uko wapi.