Fundi Aliyekataa Kuchomelea Mara ya Nne

Siku ya kwanza nilipofika kwa Bernadetha Waisiko, fundi wa kuchomelea vyuma pale Gorong'a, nilitaka kiraka tu. Fremu ya mashine yangu ya kupukuchua mahindi, ninayoizungusha vijijini kwa malipo, ilikuwa imepasuka, na mavuno yamekaribia. Akachomelea. Baada ya wiki mbili nikarudi, ufa umehamia mguu wa pili. Akachomelea. Mara ya tatu vivyo hivyo. Mara ya nne akavua miwani ya kazi.

"Baba Gati, sichomelei tena."

"Fundi gani anakataa kazi?"

"Asiyetaka jina lake lipasuke kila wiki."

Bernadetha ni mjane wa miaka hamsini. Ufundi aliupata kwenye karakana ya mgodini, mwanamke peke yake kati ya wanaume. Vyombo vya anga ndiyo starehe yake. Simu yake ina picha nyingi za roketi kuliko za wajukuu. Akanionyesha kimoja.

"Hiki Warusi wanabebea watu tangu sijazaliwa. Umbo lile lile, wanaboresha vya ndani kidogo kidogo. Kazi haijabadilika: panda, shuka. Sasa ona hii: inapaa, inarudi, inasimama kwa miguu yake. Hawakutia kiraka kwenye roketi ya zamani. Kazi mpya, wakachora upya."

"Kwani mashine yangu inaenda mwezini?"

"Inaenda Kenyamonta! Kwa mkokoteni wa ng'ombe, juu ya mawe. Aliyeichora aliichora isimame uani kwa mtu. Mahindi hayaivunji, safari ndiyo inaivunja. Hata setilaiti, taabu yake kubwa ni mtikisiko wa kupaa. Ikishafika juu, imetulia."

Nikaingiwa na tamaa. "Basi nitengenezee yote mpya."

"Wee mura, acha ujinga." Kuniita mura, kijana, mimi mwenye mvi! "Ngoma ya ndani inapukuchua vizuri, imekukosea nini? Ukitupa kizuri unajitafutia ugonjwa. Fremu mpya, ngoma ile ile."

Tukapatana. Msimu mzima bila ufa, achukue mtamba wangu mwekundu, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado. Ufa ukitokea, anichomelee bure miaka mitatu. Nilijua anavyomtaka yule mtamba: zizi la marehemu mumewe lilikuwa tupu tangu ng'ombe wafe kwa ugonjwa. Sikulegeza sharti hata moja.

Akachora chini kwa chaki, akafuta, akachora tena. Miguu minne akaitupa. Fremu mpya aliikalisha kwenye mkokoteni, juu ya vipande vya tairi la lori, vimeze mtikisiko.

Nikazunguka Kenyamonta boma kwa boma mpaka mahindi yakaisha. Niliporudi nilikagua kila kiungo kwa kucha, kama mtu anayetafuta chawa. Ufa sikuuona. Nikajaribu bahati yangu.

"Nati moja imedondoka njiani."

"Tulisema ufa. Nati ni mali yako, kaitafute."

Akamfunga mtamba kamba, akaondoka naye akiimba.

Miezi minne baadaye nikasikia mtamba kazaa. Kumbe nilimtoa akiwa na mimba, mimi ninayejisifu kujua mifugo! Nikaenda kudai ndama.

"Ulisema mtamba," Bernadetha akanijibu. "Hukusema awe mtupu."

Nikaondoka mikono mitupu. Nina mashine isiyopasuka, na wateja wa Kenyamonta wameshaniwekea zamu ya msimu ujao. Yeye ana ng'ombe wawili zizini, na geti la zizi hilo amelichomelea kwa vyuma vya fremu yangu ya zamani, ambayo sikukumbuka kuidai.